Wiki Ina Saa 168

Hotuba hii ilitolewa kwa wazazi, walezi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika maadhimisho ya Siku ya Fiziotherapia Duniani, Septemba 8. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa nauli, waliobaki nyumbani kuuguza, na walioomba waisome polepole.

Ndugu wazazi, ndugu walezi, bibi zetu mliokuja na wajukuu mgongoni, wahudumu wetu wa afya ngazi ya jamii. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Naanza na hesabu. Siku ina saa 24, wiki ina siku saba. Zidisheni. Ni saa 168. Sasa nijibuni: katika saa hizo 168, mwanao au mzee wako anakaa na mtaalamu wa tiba kwa saa ngapi? Mwenye bahati anapata saa moja. Wengi wenu mnapata saa moja kwa mwezi, baada ya kupanda magari mawili na kukaa kwenye benchi tangu alfajiri.

Saa zilizobaki anakaa na nani? Nani anamlisha? Nani anambeba, anamvisha, anamlaza? Ni ninyi. Kwa hiyo tiba yenyewe iko mikononi mwenu, na kazi yetu wataalamu ni kuhakikisha mikono hiyo inajua inachofanya, na inajua kwa nini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali ya kiafya ambayo huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake, zingeweza kuwasaidia. Ni kama mtu mmoja katika kila watatu. Na wataalamu ni wachache. Chuo cha kufundisha watengenezaji wa viungo bandia na visaidizi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilianza mwaka 1981, na kimefundisha wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Lakini shahada ya kwanza ya tiba ya usemi katika Afrika Mashariki ilianza Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, mwaka 2008 tu. Hata tukiongeza kasi ya kusomesha, mwanao hawezi kusubiri mpaka idadi itoshe.

Najua kuna mkanganyiko juu ya nani anafanya nini, kwa hiyo chukueni mfano wa mama aliyepata kiharusi na anataka kurudi jikoni kwake. Mfiziotherapia anamfundisha kusimama mbele ya jiko na kugeuka bila kuanguka. Mtoa tiba kwa vitendo anamtengenezea ubao wenye misumari miwili isiyoshika kutu, ili kitunguu kitulie pale amenye kwa mkono mmoja. Mtaalamu wa tiba ya usemi anaangalia anavyomeza na anavyopata maneno. Fundi wa visaidizi anampa kifaa cha kushika kifundo ili ncha ya mguu isiburuze chini. Watu wanne, jiko moja. Ukienda hospitali ukaambiwa "nenda kwa mazoezi", uliza: kwa nani kati ya hawa, na kwa lengo gani?

Sasa tuje kwa watoto, na jambo la kwanza ni muda.

Kipo kisa kinachorudi tena na tena. Mtoto wa miezi minane anachukua kila kitu kwa mkono wa kulia. Kijiko, kulia. Mfuniko, kulia. Nyumba nzima inafurahi, inasema huyu mkono wake mwepesi. Hakuna anayeuliza mkono wa kushoto uko wapi. Uko kwenye ngumi, kidole gumba kimefichwa ndani ya kiganja. Ndugu zangu, mtoto mdogo hutumia mikono yote miwili. Akichagua mkono mmoja kabla hajafikisha mwaka, tazameni vizuri ule mwingine, kwa sababu inaweza kuwa dalili ya mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia mapema usioongoza misuli vizuri, wa upande mmoja wa mwili.

Shikeni na nyingine. Miezi minne, shingo bado haikazi: mpelekeni akaangaliwe. Miezi tisa, hakai bila kuegemezwa: mpelekeni. Miezi 18, hatembei: mpelekeni. Mwaka mmoja, hatoi hata "ba-ba-ba" au "da-da-da", haonyeshi kwa kidole: mpelekeni, na ombeni kwanza masikio yapimwe. Miaka miwili, haunganishi maneno mawili kama "mama njoo": mpelekeni. Na mtoto aliyekuwa akifanya jambo kisha akaliacha, huyo asisubiri hata wiki.

Kwa watoto waliozaliwa njiti, waliochelewa kulia walipozaliwa, waliopata manjano kali, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, msisubiri dalili hizi. Fuatilieni tangu mwanzo. Ubongo wa mtoto hujifunza kwa kasi zaidi katika miaka yake miwili ya kwanza, na neno "ataanza tu mwenyewe" limekula miaka hiyo kwa watoto wengi mno.

Mfano wa mguu kifundo unaeleza muda kuliko maneno yangu. Mtoto anazaliwa nyayo zimegeukia ndani. Njia ya Ponseti, iliyobuniwa na daktari Ignacio Ponseti kule Iowa, Marekani, hunyoosha mguu huo kwa plasta ngumu, ile mnayoiita hogo, kutoka vidoleni hadi juu ya goti. Hubadilishwa kila wiki, na kwa kawaida huhitajika plasta tano hadi saba. Watoto wengi hukatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo, kisha huvaa plasta ya mwisho kwa wiki tatu. Mguu unanyooka. Familia inashangilia.

Na hapo ndipo kazi huharibika. Baada ya plasta kuna viatu vilivyounganishwa kwa upau. Saa 23 kwa siku, miezi mitatu ya kwanza. Kisha usiku na wakati wa usingizi wa mchana, mpaka afikishe miaka minne au mitano. Mtoto analia usiku wa kwanza, majirani wanauliza mnamtesea nini, mama anavua viatu. Usiku mmoja, miwili, wiki. Mguu unaanza kurudi ulikotoka. Kulia kwa usiku wa kwanza na wa pili ni kwa kuzoea, kwani anajifunza kurusha miguu yote miwili pamoja. Shikeni upau, mchezeshe miguu, iende na kurudi, atazoea. Lakini mkiona lengelenge au wekundu usioondoka, msivumilie: kisigino hakijakaa chini kwenye kiatu, rudini kwa fundi. Na wakati wa plasta, tazameni vidole kila siku. Vikiwa vya baridi au vimevimba, au vikizama ndani ya plasta visionekane, plasta imebana au imeteleza. Rudini siku hiyo hiyo.

Jambo la pili ni kulisha, na hapa nitakaa, mnivumilie. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hakuna tiba kubwa nyumbani kuliko namna anavyolishwa.

Tufikirie mama na mwanawe wa miaka mitatu asiyekaa. Mama amempakata, kichwa kimeangukia nyuma juu ya mkono wake. Uji ni mwepesi ili ushuke haraka. Kijiko kinamiminwa nyuma ya ulimi. Mtoto anakohoa, anakaza mgongo, macho yanatoa machozi. Mama anasubiri kidogo, anamimina tena. Saa nzima inapita, nusu ya uji uko kwenye kanga. Baada ya wiki chache mtoto ana nimonia, anatibiwa, anarudi, anapata tena. Kila mtu anasema mtoto huyu ana kifua kibovu.

Si kifua. Ni uji umeingia kwenye njia ya hewa. Jaribuni sasa hivi, hapo mlipokaa: inueni uso mtazame dari, halafu mmeze mate. Mnaona? Ni vigumu hata kwenu ambao misuli yenu ni mizima. Sasa muwe na misuli inayokaza bila kutaka, halafu mtu awamiminie uji.

Hatua ni hizi. Mwanzo, mkao. Kiuno chake kiwe kimekunjwa, kiwiliwili wima, kichwa katikati, kidevu kimeshuka kidogo kuelekea kifuani. Ukimkalisha pajani, inua paja moja kidogo kwa kuweka mguu wako juu ya kigoda, nyonga zake zitakunjika na mgongo utaacha kukaza. Wewe mlishaji kaa mbele yake, macho yako yawe usawa wa macho yake. Ukisimama juu yake atainua uso kukutazama, na mmerudi palepale.

Kisha uzito wa chakula. Watu wengi huona chakula chepesi ndicho salama. Kwa mtoto wa namna hii ni kinyume: kitu cha majimaji hukimbia kabla koo halijajiandaa. Uji uwe mzito kiasi kwamba ukiinamisha kijiko unateremka polepole kama tone zito, haukimbii. Viazi vilivyopondwa, parachichi, ndizi iliyopondwa, ugali laini na mchuzi mzito wa maharage yaliyochujwa maganda. Epukeni kuchanganya kigumu na maji katika kijiko kimoja, kama supu yenye vipande: maji yanashuka, kipande kinabaki, mtoto anapaliwa.

Kijiko kiwe kidogo, bapa, cha plastiki ngumu kama mtoto huuma. Kiingie kwa mbele, kiguse katikati ya ulimi, kiukandamize chini kidogo, kisubiri midomo ifunge, kitoke kimelala vilevile. Usikwangue chakula kwenye meno ya juu, maana kufanya hivyo kunainua kichwa. Subiri ameze. Tazama koo lake. Usilete kijiko kingine kabla koo halijapanda na kushuka.

Mlo usizidi nusu saa. Akichoka, misuli inalegea, na hapo ndipo hupaliwa. Afadhali milo mitano midogo kuliko mitatu ya mateso, na uji uongezewe nguvu kwa siagi ya karanga, mafuta au maziwa ili kijiko kimoja kibebe zaidi. Akimaliza, abaki wima nusu saa. Na meno yapigwe mswaki kila siku, kwa sababu mate yenye wadudu yakiingia kifuani huleta nimonia hata bila uji.

Kuna kulisha kwa nguvu, kushika pua na kumimina. Najua kunatoka kwenye hofu, maana hakuna mama anayetaka kuona mwanawe amekonda. Lakini nawaomba kwa moyo wangu wote: acheni. Mtoto akikohoa kila mlo, sauti ikawa ya majimaji, akitoka jasho au akihema haraka wakati wa kula, au hapandi uzito kwa miezi miwili, huyo anahitaji mtaalamu wa kumeza na lishe, na wakati mwingine mrija wa kulishia.

Kukaa wima kunataka kiti. Kiti cha dukani ni ghali, lakini ipo njia ya maboksi iliyoanzia Zimbabwe. Mnachukua maboksi makavu, mnapika gundi ya unga wa ngano kama uji mwepesi usio na mabonge, mnabandika tabaka juu ya tabaka, mistari ya boksi moja ikikatana na ya lingine. Hapo ndipo nguvu inapotoka. Mistari ikielekea upande mmoja ubao utakunjika. Gandamizeni kwa matofali usiku kucha, kisha anikeni juani siku kadhaa mpaka pasibaki unyevu hata ndani. Unyevu ukibaki, ukungu na wadudu watakula kiti chote, kwa hiyo msianze kazi hii wakati wa masika. Mwisho pakeni rangi ya mafuta au vanishi. Ubao ukikauka vizuri, mtu mzima anasimama juu yake.

Vipimo vichukuliwe kwa mtoto mwenyewe. Urefu wa kikalio cha kiti: kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, toa vidole viwili. Kimo: nyayo zote zikanyage. Meza ya mbele: usawa wa viwiko. Kiti kikiwa kirefu mno, mtoto huteleza mbele, mgongo unapinda, na kidevu kinainuka. Kidevu kikiinuka, mlo umeharibika.

Ndugu zangu, hata kiti mwendo cha mtu mzima ni hivyo hivyo. Kijana ameanguka kutoka kwenye mnazi au kwenye bodaboda, uti wa mgongo umeumia, anapewa kiti cha msaada kilichotengenezwa kwa mtu mwenye nyonga pana kuliko zake, tena hakina mto. Makalio hayana hisia, kwa hiyo hasikii maumivu. Kidonda kinaanza ndani, kwenye mfupa, na mkiona shimo nje, ndani limeshakuwa kubwa. Kiti bila mto msikipokee kama kimekamilika. Ajiinue au ainame mbele kifua kielekee mapajani kila nusu saa, akae hivyo dakika moja au mbili. Jioni kioo kidogo kitumike kukagua ngozi. Pakiwa na wekundu, au kwenye ngozi nyeusi sehemu iliyobadilika rangi na yenye joto, asipakalie mpaka pawe kama palivyokuwa.

Na sasa wazee wetu na kiharusi.

Kosa la kwanza hutokea saa za mwanzo, nalo hutoka kwenye upendo: mgonjwa amefika, mdomo umekwenda upande, ndugu anampa maji au chai. Asipewe chochote kwa mdomo, hata dawa, mpaka mhudumu wa afya aangalie kumeza kwake.

Kosa la pili ni mkono. Bega lililopooza limeshikiliwa na misuli iliyolala. Mkimwinua kwa kumvuta mkono au kumbeba kwapani, mfupa unashuka kutoka mahali pake, na maumivu yake hukaa miezi. Mkono uwe juu ya mto akikaa, juu ya mto akilala. Akivalishwa, mkono mgonjwa huingia kwanza. Akivuliwa, hutoka mwisho. Rudieni nami: huingia kwanza, hutoka mwisho.

Kumwinua kuna ufundi wake. Asogee mbele ya kiti. Miguu irudi nyuma kidogo ya magoti, iachane upana wa nyonga. Ainame mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu. Hapo makalio yananyanyuka yenyewe, na wewe unamsaidia kwenye nyonga, upande mgonjwa. Wengi hushindwa kwa sababu anavutwa juu kabla hajainama.

Kliniki ataamka kitini mara 10, labda mara 20, kisha muda umekwisha. Nyumbani, mara 10 asubuhi, mara 10 mchana, mara 10 jioni: kwa wiki ni mara 210. Ubongo hujifunza kwa kurudia, na kwa kurudia jambo lenyewe. Anayetaka kushika kikombe ashike kikombe. Kuminya mpira hakumfundishi kikombe. Ila siku za mwanzo kabisa iwe kidogo kidogo, kwa maelekezo ya wodi, bila kumlazimisha.

Halafu maneno. Mzee amepooza upande wa kulia. Anasoma Fatiha, au Baba Yetu, toka mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Kisha anashindwa kuomba maji. Familia inasema anajifanya, wengine wanasema amerukwa na akili. La hasha. Hiyo inaitwa afasia. Maneno ya mazoea, sala, salamu na kuhesabu hupita njia tofauti na maneno ya kutunga papo hapo. Akili yake ipo na anawasikia mkimjadili. Zimeni redio. Aongee mtu mmoja. Ulizeni swali la ndiyo au hapana: "Unataka maji?" huku mkionyesha kikombe. Kisha subirini, hesabuni moyoni mpaka 10 kabla ya kuuliza tena. Msimmalizie kila neno, wala msipaze sauti, hajawa kiziwi.

Mada ya kuungua naipitia kwa kifupi. Mtoto aliyeungua kwa chai hukunja kiungo kwa sababu hapo ndipo maumivu hupungua, na mkao huo wa raha ndio utakaomkakamaza. Kiwiko kilazwe kimenyooka. Kwapa likiungua, mkono ukae mbali na mwili. Shingo ya mbele, asilale na mto. Kiganja, vidole vinyooke kwa banzi usiku. Kovu huendelea kuvuta kwa mwaka na zaidi baada ya ngozi kufunga, na mtoto anakua ila kovu halikui naye.

Kabla sijashuka, neno kuhusu kukandwa. Mikono ya bibi inayopaka mafuta na kusugua taratibu haina neno. Ila kumvuta mtoto viungo kwa nguvu, kumning'iniza, au kumfukia kwenye shimo la mchanga ili asimame, kunateguza nyonga na kuvunja mifupa ambayo tayari ni dhaifu kwa kutosimama.

Na mkienda kliniki, msikubali kuondoka na mazoezi 10 kwenye karatasi. Ombeni mawili au matatu, yaingie kwenye kuogesha, kuvisha na kula. Ombeni sababu ya kila moja. Rekodini kwa simu. Na semeni hivi: "Nitazame nikifanya." Mtaalamu akikuonyesha tu, bado hajakufundisha.

Basi tufanye hivyo hivyo. Walezi wa watoto wasiokaa, nendeni mkeka wa kushoto, vigoda vipo na uji mzito uko kwenye chupa. Walezi wa wagonjwa wa kiharusi, viti vile vya kulia visivyo na mikono. Wenye viti mwendo bakini mlipo, tunakuja na utepe wa kupimia. Ninyi mtafanya, sisi tutatazama.